Mraba Wetu wa Kijani

Kaka yangu ana tabia ya kumpigia mtu simu wakati mtu ana mkate mdomoni, halafu anakuambia jambo ambalo ameshaliamua zamani. Jumatatu ile alinipata ofisini, saa nne, natafuna.

"Mwisho wa mwezi namfuata mama," akasema. "Chumba nimeshampangia. Atakaa na sisi."

Nikameza haraka. "Mama mwenyewe umemwambia?"

"Nimwambieje? Ndiyo maana namchukua."

Hapo hasira zikanipanda, na hasira zangu hazitoki mbali. Lakini ngoja nieleze kwanza, usije ukamwona kaka yangu mtu mbaya. Mama yetu hasikii, hajawahi kusikia tangu azaliwe. Shule hakusoma, maana enzi zake hakuna aliyehangaika kumfundisha mtoto wa aina yake, kwa hiyo ukimwandikia ujumbe anaona vijistari tu. Mama anaongea kwa mikono. Sisi wanawe wawili tulianza kuongea kwa mikono kabla ya kuongea kwa mdomo. Baba alikuwa anasikia, na yeye ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba: simu ikilia anapokea yeye, anamweleza mama kwa mikono, mama anajibu, yeye anatusemea. Baba alifariki miezi minane kabla ya Jumatatu hiyo. Tangu hapo nyumba ile, iliyo upande wa nyuma wa kilima, ikabaki na mtu mmoja ambaye huwezi kumpigia simu.

"Intaneti ipo pale," nikamwambia kaka. "Niliwawekea mimi mwenyewe. Video inatosha kabisa. Mama hapokei kwa sababu ana majonzi. Mwache apumue."

"Miezi minane, dada? Hiyo intaneti yako haifanyi kazi."

"Inafanya. Ninaiona hapa mbele ya macho yangu, kijani."

Na kweli nilikuwa nimeufungua mraba wao kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo kazi yangu, nachora ramani ya intaneti. Kuna kampuni zinazorusha intaneti hewani bila waya, kutoka kwenye mnara mpaka kwenye kisahani kilichofungwa juu ya paa la mteja. Kila baada ya miezi sita kampuni hizo zinatuletea orodha ya mahali zinapofika. Sisi nchi tumeigawa miraba, kilomita moja kwa kilomita moja. Palipofikiwa tunapaka kijani, pasipofikiwa tunaacha peupe. Miraba myeupe ndiyo inayojengewa minara kwa fedha za umma. Mraba wa kijani haujengewi kitu, maana unahesabika umeshashiba.

Kampuni zinapiga chuku, nani asiyejua? Kampuni ikikwambia imefika kilimani, ujue imesimama chini ya kilima ikatazama juu. Kwa hiyo tuliweka kanuni: kampuni ionyeshe mteja mmoja ndani ya mraba, aliyelipiwa mwezi huo. Ikimwonyesha, mraba mzima unapakwa. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Mkuu wa kitengo aliisifu mbele ya watu na nikatembea wiki nzima kichwa kimevimba.

"Ramani yako ni ya uongo," akasema kaka, akakata simu.

Uongo! Ramani yangu! Niliirusha simu mezani mpaka mwenzangu wa meza ya pili akainua uso. Huyu tunamwita Nukta, kwa sababu hajawahi kupitisha karatasi yenye nukta iliyokosewa. Nikamwambia naomba siku tatu, naenda nyumbani kupima, nimwonyeshe mtu namba. Nukta akafungua kalenda yake. "Orodha ya miraba myeupe inafungwa Ijumaa saa kumi jioni," akasema. Nikamwambia hiyo hainihusu, wetu ni wa kijani. Nikachukua kipimo cha mawimbi kabatini, nikaondoka.

Nilifika Jumatano asubuhi. Nje ya mlango wa nyumba yetu kuna swichi aliyoiweka baba. Unaibonyeza mara mbili, taa ya sebuleni inawaka na kuzima, na hiyo ndiyo hodi yetu. Mama alikuwa kwenye cherehani. Aliinua kichwa, akaniona, akasimama na futi yake shingoni, akanikumbatia mpaka kipimo kikanichoma mbavuni. Kisha akarudi nyuma ili apate nafasi ya kusema.

"Umekonda," ikasema mikono yake.

"Mama, nimeongezeka kilo nne."

"Umekonda uso."

Basi hapo hakuna mjadala. Nilikula, nikanywa, halafu nikatoa kipimo nikaanza kazi. Sebuleni hakikuonyesha kitu. Uani, kitu sifuri. Nikakigonga, nikakizima, nikakiwasha, nikakitukana kidogo. Nikaegesha ngazi ukutani nikapanda, maana paani ndiko kulikofungwa kisahani na paani ndiko kunakopimwa. Kulikuwa na chuma kilichosimama, na juu ya chuma hicho hapakuwa na kitu chochote. Kisahani hakikuwepo. Nilikuwa nimekuja mara mbili tangu mazishi, na mara zote mbili sikuinua macho hata dakika moja kutazama paa la mama yangu. Mtu mzima, kazi yangu visahani.

Nikateremka mbiombio. "Mama, kimeibiwa!"

Mama alinitazama kama mtu aliyefumaniwa jikoni. Akafuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na maji. Kisha akanyoosha kidole juu, kule kileleni.

"Kiko kwenye pampu ya maji," akasema. "Nenda ukaone. Mimi goti langu haliwezi tena."

Nilipanda karibu dakika arobaini, nikihema na kunung'unika peke yangu njia nzima. Pale juu kuna kibanda cha pampu inayosukuma maji kwenda upande wa pili. Na juu ya kibanda, kimefungwa kwa waya mara sita au saba kama mzigo wa kwenda mbali, kulikuwa na kisahani changu, kimeelekezwa kule bondeni unakoonekana mnara wa kampuni. Nikawasha kipimo. Mawimbi tele. Chini ya ukuta kulikuwa na benchi la mbao, kazi ya baba, najua jinsi alivyopinda misumari. Na ukutani juu ya benchi kulikuwa na misumari mingine miwili, na uzi wa pazia umevutwa kutoka huu hadi ule.

Nilisimama nikiutazama ule uzi, na taratibu nikaelewa. Kila Jumapili, miaka minne, niliwaona wazazi wangu kwenye video wameketi bega kwa bega mbele ya pazia la sebuleni, lile la maua ya rangi ya chungwa. Na pazia lilikuwa halitulii, linapepea tu. Niliwahi hata kumgombeza baba: fungeni dirisha jamani, mtapata mafua. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe walikuwa huku. Kila Jumapili walikuwa wakilitungua pazia dirishani, wakalikunja, wakapanda nalo kilima hiki, mtu na mkewe, wakalitundika kwenye kibanda cha pampu ili mimi nidhani wako nyumbani.

Niliketi kwenye benchi. Sitaki kusema nilikaa muda gani.

Niliporudi mama alikuwa ananisubiri mlangoni. "Kwa nini?" nikamwuliza. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ilifanya kazi siku moja," akasema. "Siku ile fundi alipofunga. Fundi alipoondoka, nayo ikaondoka. Kilima kinaziba. Baba yako akahangaika paani wiki nzima."

"Sasa si mngeniambia!"

"Ulikuwa mshahara wako wa kwanza. Ulikuja umevaa viatu vipya, umeleta boksi kwa furaha. Baba yako akasema, tukimwambia atalia. Mimi nikasema hapana, atakwenda kugombana na watu."

Nikaangua kicheko, na kicheko hakikumalizika vizuri, kikageuka kilio katikati. Mama alinifuta uso kwa kitambaa alichokuwa anashona, mali ya mteja.

"Baada ya baba yako nilipanda mara moja," akaendelea. "Nikakaa. Goti likavimba wiki mbili. Nikaacha. Ukawa hupigi tena."

"Nilikuwa napiga, mama. Nilipiga kila Jumapili mpaka mwezi wa tatu baada ya mazishi. Nikadhani hutaki kuniona."

Akanitazama sana. "Na mimi nilidhani umechoka," akasema.

Ilibidi nimwambie mpango wa kaka, maana ni haki yake. Sikutia chumvi. Nikasema kaka anaogopa, anasema mtu asiyeweza kupigiwa simu hawezi kukaa peke yake, akianguka nani atajua? Mama alisikiliza kwa macho mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, ili aongee vizuri.

"Mke wa kaka yako ananipenda," akasema. "Nikienda ananipa kiti kizuri. Nakaa kwenye kile kiti kizuri, natazama midomo yao inavyotembea. Wanacheka, na mimi nacheka, sijui tunacheka nini. Hapa mwenye duka anaijua mikono yangu. Jirani anaijua. Hata watoto wa wateja wangu wanaijua, wananitukana kwa mikono nikiwaminya kiunoni kwa futi. Hapa mimi ni fundi. Siku nikihamia kule ndipo nitakapokuwa kiziwi."

Nilimwahidi kwamba hataondoka, na nilipokuwa naahidi sikujua nitafanyaje.

Ndani ya basi la kurudi, Alhamisi nzima, nilikuwa nawaza kitu kimoja. Kama nyumbani hakuna mawimbi, na kilima kinaziba upande wote ule, nani aliyeufanya mraba wetu uwe wa kijani? Kule kwenye pampu ni mraba mwingine. Katika mraba wetu kuna nyumba arobaini na kitu, na sikuona kisahani hata kimoja. Ukweli nilikuwa nao tumboni, ila nilikuwa naukwepa. Mteja alikuwa mmoja. Alikuwa baba. Laini iliandikwa kwa jina lake na kwa nyumba yake, na laini hiyo ilikuwa inalipiwa mpaka mwezi huo, bila kukosa. Mlipaji mimi.

Nitasema kwa nini, na ukitaka kunicheka nicheke. Kila nikilipa, kampuni ilikuwa inatuma ujumbe kwenye simu yangu. Unaanza na jina la baba, jina lake kamili, majina matatu, halafu unamshukuru na kumtakia siku njema. Duniani kote hakuna mtu mwingine aliyekuwa bado anamsalimia baba yangu. Nikashindwa kuukata. Kila mwezi nasema mwezi ujao, na mwezi ujao nalipa. Na kwa mapenzi yangu hayo nimeupaka mraba mzima kijani, nimemfungia mama yangu ndani, na majirani zake wote pamoja naye.

Ijumaa asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo nikamweleza yote, bila kujitetea. Ni mwanamke asiyepoteza maneno. "Mraba wa mama yako?" akauliza. "Basi usiuguse. Mpe Nukta vipimo vyako, yeye ndiye ataamua." Alisema kweli, na nilijua alisema kweli, lakini nilitoka nimefura.

Nukta alivisoma vipimo vyangu kimoja kimoja. Akazilinganisha saa, akazikagua picha za paa, chuma kitupu, kilima. Ilikuwa imefika saa nane alipovua miwani.

"Vipimo ni safi," akasema. "Lakini kuna mteja aliyelipiwa mwezi huu. Kanuni inasema mteja mmoja anatosha."

"Kanuni naijua! Si nimeiandika mimi?"

"Najua. Na imeandikwa vizuri." Hakuwa ananidhihaki, Nukta hajui kudhihaki. "Laini ikiwa wazi, siwezi kuupaka mweupe. Ikifungwa kabla ya saa kumi, naweza."

Nikavuta kompyuta yangu, nikafungua fomu ya kampuni ya kufunga laini. Inataka sababu, na sababu ziko nne, unachagua moja. Kuhama. Bei. Huduma mbovu. Mteja amefariki. Nikaenda kwenye huduma mbovu mbiombio, na nilikuwa na maneno ya kujazia pale ambayo yangewatoa jasho.

"Ukichagua hiyo, kampuni inapewa siku thelathini za kurekebisha," Nukta akasema nyuma yangu. "Ya kuhama inataka anwani mpya. Ya bei wanakupigia kukubembeleza." Akaonyesha sababu ya nne kwa kidole. "Inayofunga siku hiyohiyo ni moja tu."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Sehemu ya kuchagua ni duara dogo, unalibonyeza linajaa. Nimebonyeza maduara kama hayo maisha yangu yote. Nililitazama lile la nne mpaka herufi zikaanza kuogelea. Nilikuwa nimemzika baba yangu, nimeshika udongo kwa mkono wangu huu, nimeitupa konzi yangu. Lakini nilikuwa sijawahi kuandika popote kwamba amekufa. Nukta akavuta kiti, akaketi kando yangu, akageukia dirishani asinitazame. Hakuniharakisha, mtu yule anayeharakisha hata foleni ya chai.

Saa tisa kasoro nikabonyeza. Wakauliza tarehe, nikaiandika. Wakauliza uhusiano, nikaandika: mtoto wake.

Jibu lilikuja kabla ya saa tisa na nusu. Laini imefungwa. Nukta akaisoma, akaufungua mraba wetu kwenye kompyuta yake, akaondoa kijani. Pakabaki peupe. Kisha akanisukumia glasi ya maji na kusema, "Pole sana," na miezi minane iliyopita alishaniambia pole pamoja na ofisi nzima, lakini hii ndiyo niliyoisikia.

Jioni nikampigia kaka. "Ulisema kweli," nikamwambia. "Ramani ilikuwa ya uongo, na mwongo nilikuwa mimi." Katika maisha yetu alikuwa hajawahi kupata neno hilo kutoka kwangu. Nikamweleza habari za pampu na benchi na pazia. Nikasikia anapenga kamasi. Nikamwambia alichosema mama kuhusu kile kiti kizuri, neno kwa neno. Nikamwomba muda mpaka mnara usimame.

"Miezi mitano," akasema mwishowe. "Na kila Jumamosi nitakuwa nakwenda mwenyewe kumwona. Ikipita mitano, dada, nafunga safari, usinililie."

Kanuni niliiandika upya mwezi uleule: vipimo vichukuliwe nyumbani kwa mteja, na mteja mmoja asiupake mraba wenye nyumba arobaini. Safari hii hakuna aliyenisifu, na kampuni mbili zilinipigia kelele. Nilifurahi kupata wa kugombana nao. Mraba wetu ukaingia kwenye orodha ya minara. Mwezi wa kwanza karatasi, wa pili karatasi, wa tatu wakaja kuchimba shimo, wa nne shimo likajaa maji. Mwezi wa tano ulipobaki wiki moja, kaka akaniambia ameshaazima gari la mizigo kwa ajili ya cherehani. Nilimjibu maneno ambayo dada hamwambii kaka yake.

Mnara uliwashwa Jumanne. Fundi alifunga kisahani kipya paani kwa mama, na laini safari hii ikaandikwa kwa jina la mama. Nilikaa ofisini na simu nimeiegemeza kwenye mashine ya kutobolea karatasi, siondoki hata kwenda chooni. Saa tatu kimya. Saa nne kimya. Saa tano kasorobo simu ikalia, nikaidaka. Ilikuwa kaka.

"Amenipigia," akasema, sauti yake imenywea.

"Amekupigia wewe kwanza?" Miezi mitano ya kupigania mnara, anapigiwa yeye kwanza! "Amesema nini?"

"Amenisemea dakika kumi, sikupata nafasi hata ya kuinua kidole. Amesema kile chumba nikipangishe." Kisha akacheka, kaka yangu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Nimerudisha gari. Toka kwenye simu, anakutafuta."

Nikakata. Simu ikalia tena palepale, na kwenye kioo likatokea jina la mama. Sikuwa nimewahi kuona simu inalia kwa jina la mama yangu. Miaka yote ilikuwa inalia kwa jina la baba.

Nikapokea. Alikuwa ameketi kwenye cherehani yake na futi shingoni, uso wote umejaa kwenye kioo, anaonekana vizuri mpaka uzi uliomganda shavuni. Ofisi nzima ilikuwa imeacha kazi kunitazama. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, ya miezi na miezi, na badala ya kuyasema nikafunika uso wangu kwa mikono yote miwili, nikalia kama mtoto.

Nilipochungulia kati ya vidole, mikono yake ilikuwa inanipungia kwa nguvu.

"Toa mikono usoni," alikuwa anasema. "Sikusikii."